Usonji uliojificha nyuma ya adabu

Mama mmoja wa miaka 46, mhasibu, alimleta mwanawe wa miaka saba kliniki. Nikawa namuuliza maswali ninayowauliza wazazi wote: Mtoto anapanga vitu vyake kwa mstari? Anakereka na sauti ambazo wengine hata hawazisikii? Mchuzi ukigusa wali anaiacha sahani? Tulipofika katikati akaweka kalamu chini. "Daktari," akasema, "hayo si ya mtoto peke yake. Na mimi niko hivyo hivyo."

Ameniruhusu nisimulie, maadamu simtaji jina. Ilichukua miezi kadhaa ya mazungumzo, naye na dada yake mkubwa anayeukumbuka utoto wao, hadi nikaweza kumwambia kwamba naye ana usonji, ambao wengine huuita tawahudi. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoionyesha hali hii. Tunatafuta mambo yaliyokuwepo tangu utotoni: kwanza ugumu wa kusomana na watu, pili mazoea yasiyotaka kubadilishwa, mapenzi makubwa kwa jambo moja, au hisi zinazopokea mwanga, sauti na harufu kwa ukali au upungufu usio wa kawaida. Mtu huzaliwa nayo, na kwa sehemu kubwa hurithiwa. Hailetwi na chanjo, majini wala malezi mabaya.

Swali lake la kwanza lilikuwa moja: imekuwaje nimefika umri huu bila mtu yeyote kujua?

Sehemu ya jibu iko katika historia. Leo Kanner, daktari wa Baltimore, alipoandika kuhusu usonji mwaka 1943, alieleza watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Kwa miongo mingi picha hiyo ikabaki vichwani mwa madaktari: mtoto, tena wa kiume, asiyezungumza au anayezungumza kwa shida. Ni Lorna Wing, daktari wa akili wa London aliyekuwa na binti mwenye usonji, ambaye kwa makala yake ya 1981 aliwarudisha wataalamu kwenye kazi ya Hans Asperger wa Vienna, na kusaidia kuonyesha kwamba hali hii ina wigo mpana, wakiwamo watu wanaosema vizuri na kufaulu shule. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliyakusanya yote chini ya jina moja mwaka 2013 tu. Mwaka huo mgonjwa wangu alikuwa mtu mzima mwenye kazi na ndoa.

Sehemu ya pili ni yetu wenyewe, na ndiyo inayoniuma zaidi. Vipimo vingi tunavyovitumia vilitungwa Uingereza na Marekani, ambako mtoto asiyekutazama machoni huzua maswali. Huku kwetu binti anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anasifiwa kwa adabu. Asiyesema sana anaitwa mtulivu. Anayejifungia na daftari siku nzima ana bidii. Sifa zote hizo mgonjwa wangu alizipata. Yale ambayo sifa hazikuweza kuyafunika yakapewa majina mengine: maringo, kiburi, roho mbaya. "Yule anapita hasalimii."

Salamu ndizo zilizomtesa kuliko chochote. Shikamoo aliipenda, kwa sababu ina jibu moja na ukishajibiwa umemaliza. Shida ilianza na habari za nyumbani, za kazi, za tangu juzi, watoto hawajambo. Anayeuliza anataka jibu la kweli? Nicheke wakati gani? Niondoke lini bila kuonekana nimemkimbia? Utotoni alikuwa akiziandika nyuma ya daftari na kuzikariri kama tebo. Kutoka kituoni hadi kwao kulikuwa na baraza tisa zenye watu. Alikuwa akizunguka njia ya nyuma, ndefu na yenye tope, afike nyumbani na nguvu kidogo.

Huku kujifunika, kuficha ugumu ili uonekane kama wengine, kuna gharama. Tafiti zimekuta kwamba kunaendana na wasiwasi, sonona na uchovu usioisha kwa usingizi. Yeye alishatibiwa sonona mara mbili. Dawa zilimsaidia, lakini hakuna aliyemuuliza kinachomchosha.

Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye usonji hushindwa kuwasoma wengine, na wengine nao hushindwa kumsoma yeye. Nililiona hilo kwa mume wa mama huyu. Miaka yote aliamini mkewe anawachukia ndugu zake, kwa kuwa kila mawifi wakija alijifungia chumbani gizani. Sasa mkewe anasema mapema: "Saa kumi nitaingia ndani. Sijakasirika." Mumewe huwaeleza wageni.

Kusema ukweli, si kila mkimya ana usonji. Ukimya wakati mwingine hutokana na hofu ya watu, au majeraha ya utotoni, ndiyo maana uchunguzi huchukua muda. Wala hakuna dawa ya kuuondoa usonji, nami simwahidi mtu. Kinachobadilika ni hesabu: mtu anajua nguvu zake zinaishia wapi. Harusini mama huyu hukaa mbali na spika, na vizibo vya masikio chini ya mtandio. Baada ya kupata jibu, kwa majuma kadhaa alilia pia, akimlilia yule msichana wa njia ya tope.

Mara ya mwisho alinieleza kuhusu msiba mtaani kwao. Zamani alikuwa akijisogeza uani kwa aibu, akijiona mwoga kuwakimbia waliokaa mkekani. Safari hii alitoa pole, akaenda moja kwa moja kuomba ungo. Alichambua mchele asubuhi nzima, chenga huku, mawe kule, na bibi mmoja akaja kukaa naye. Hawakusemeshana hadi gunia likaisha.