DAMU ISIYOGANDA UPESI: PANGENI MSAADA KABLA YA HATARI

Ukijikata kidole kwa kisu, damu hutoka. Baada ya dakika chache damu huganda, nayo huacha kutoka. Lakini wako watu wachache ambao damu yao haigandi upesi. Ugonjwa wao unaitwa hemofilia. Mwenye hemofilia hatoki damu kwa kasi kuliko wengine. Hutoka damu kwa muda mrefu kuliko wengine.

Ugonjwa huu hauambukizi. Wala si wa kulogwa. Mtu huzaliwa nao. Ndani ya damu mna vitu vinavyoigandisha. Mwenye hemofilia amepungukiwa na kimoja cha vitu hivyo. Karibu wagonjwa wote wa hali mbaya ni wanaume.

Hemofilia ni ugonjwa wa nadra. Aina iliyo ya kawaida zaidi, yaani hemofilia A, humpata mtoto mmoja hivi katika watoto wa kiume 5,000. Kwa hiyo mganga wa zahanati aweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Ukimfikia usiku na mtoto anayevuja damu, huenda asijue la kufanya kwanza. Ndiyo maana jamaa wa mgonjwa wanapaswa kumweleza mapema, mtoto akiwa bado mzima.

DALILI ZAKE

1. Mtoto akitahiriwa, damu hutoka kwa saa nyingi au hata siku kadhaa.
2. Anapoanza kutambaa, damu huvilia chini ya ngozi na kuacha uvimbe, ingawa hakuumia sana.
3. Akijiuma ulimi au aking'oka jino, damu haikomi.
4. Goti, kiwiko au kifundo cha mguu huvimba, huwa cha moto na huuma sana. Hapo damu inavujia ndani ya kiungo.

Mara nyingi mtoto hurithi ugonjwa huu kwa mama, hata kama mama mwenyewe haugui. Ikiwa wajomba wa mtoto walitoka damu nyingi jandoni, mweleze mganga kabla mtoto hajatahiriwa. Lakini mama asilaumiwe. Hakuna anayechagua kurithisha ugonjwa. Tena mgonjwa mmoja hivi katika kila watatu huzaliwa katika ukoo usio na historia ya ugonjwa huu.

Ukiona dalili hizi, nenda zahanati uombe barua ya rufaa. Damu itapimwa hospitali kubwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, huwatibu wagonjwa hawa. Ipo dawa ya sindano ya kuingiza mshipani, ambayo hurudisha kile kilichopungua katika damu. Ikitolewa mapema, huokoa maisha, na viungo haviharibiki.

HATARI ISIYOONEKANA

Watu wengi huogopa damu wanayoiona. Lakini damu inayoua upesi ni ile inayovuja ndani. Mtoto mwenye hemofilia akianguka mwembeni na kugonga kichwa, msingoje aanze kutapika au kusinzia. Msingoje kukuche. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama hana jeraha. Vivyo hivyo akiumia shingo au tumbo. Hospitalini apewe dawa ya kugandisha damu kwanza. Vipimo vifuate baadaye.

MPANGO WA KUFANYA SASA

Kwanza, nenda zahanati na karatasi za hospitali. Mweleze mganga na wauguzi. Ulizeni pamoja: ni hospitali gani ya karibu iliyo na dawa hiyo? Gari la wagonjwa linaitwaje? Andika namba za simu.

Pili, patana na wenye vyombo vya usafiri. Chagua watu wawili, ili mmoja akisafiri awepo mwingine. Aliyeumia kichwa ni afadhali alazwe garini kuliko kupakiwa pikipiki. Weka akiba ya nauli. Fikirini pia masika: mto ukijaa, mtapita njia gani?

Tatu, waeleze jirani, balozi na mwalimu wa mtoto. Wengine huficha ugonjwa kwa kuona haya. Lakini jirani asiyejua hawezi kusaidia. Anaweza hata kudhuru, kwa kumchanja chale, kumuumika au kumkanda goti lililovimba.

Nne, andika kadi. Mtoto aivae shingoni au aiweke mfukoni. Kadi nyingine ikae zahanati na nyingine shuleni. Iandikwe hivi:

Jina langu ni ............
Nina hemofilia aina ya ............
Nikiumia kichwa, shingo au tumbo, nipewe kwanza dawa ya kugandisha damu, ndipo nipimwe.
Msinichome sindano ya msuli.
Msinipe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni.
Hospitali yangu ni ............
Simu ya wazazi ni ............

Dawa hizo tatu hutuliza maumivu, lakini huzidisha kuvuja kwa damu. Kwa maumivu mganga aweza kumpa parasetamoli. Chanjo asikose. Mwambie muuguzi atumie sindano nyembamba, kisha pabanwe kwa muda wa dakika 10.

MKINGOJA GARI

Kama kuna jeraha, likandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Kama kiungo kimevimba, mlazeni mtoto, kiinueni juu ya mto wa kulalia, na kiwekeeni kitambaa cha maji baridi. Asitembee. Mtu mmoja apige simu hospitali, ili dawa itayarishwe kabla hamjafika.

Mpango ukikamilika, ujaribuni jioni moja. Ulizaneni: nani atapiga simu? Kadi iko wapi? Dereva anapatikana? Nauli ipo? Palipo na pengo, pazibeni siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, uliyejifunza kusoma na kuandika una nguvu kubwa hapa. Mtoto aliyezimia hawezi kusema. Kadi uliyoiandika kwa mkono wako itasema kwa niaba yake.

MASWALI YA KUJADILI KISOMONI

1. Kwa nini tusingoje dalili, mwenye hemofilia anapoumia kichwa?
2. Ni dawa zipi tatu ambazo hapaswi kupewa?
3. Kijijini kwetu nani wana vyombo vya usafiri usiku?
4. Andika kadi kama iliyo hapo juu. Msomee mwenzako.