Vitoweo Vizito vya Kuchovya: Vitu Vitatu Tu Vyatosha

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo la jikoni. Katika wodi ya watoto tunapokea watoto waliokonda, wengine wenye nywele nyepesi na miguu iliyovimba, ambao nyumbani kwao chakula kipo. Tukimwuliza mama, "Mtoto anakula nini?", hujibu, "Anakula ugali kama sisi." Tukiuliza anatowelea nini, tunaambiwa, "Mchuzi." Hapo ndipo penye tatizo. Mara nyingi mchuzi huo ni maji ya mboga yenye chumvi. Maharage na nyama vimebaki kwenye bakuli la wakubwa.

Kwa nini mchuzi mwepesi hautoshi?

Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa miezi minane mwenye kilo 8 hushiba kwa kiasi cha kikombe kimoja tu. Kikombe hicho kikijaa maji, mtoto ameshiba lakini hakupata nguvu wala cha kujenga mwili. Ugali, viazi, ndizi na mihogo hutia nguvu, lakini vina upungufu wa protini, na mtoto anayekua anaihitaji sana. Mihogo ndiyo yenye protini kidogo kupita vyote.

Dawa yake si ghali. Badala ya mchuzi mwepesi, tutengeneze kitoweo kizito cha kuchovya tonge, kipande cha muhogo, kiazi au chapati. Kila mchovyo mtoto anabeba chakula halisi. Vifuatavyo ni vitoweo vinne, na kila kimoja kinahitaji vitu vitatu au vinne ambavyo familia nyingi huvipata shambani au sokoni.

1. Kitoweo cha maharage na limau

Chukua kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa yakaiva kabisa, kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kula, maji ya nusu limau, na chumvi kidogo. Ponda kwa mwiko au twanga kwenye kinu mpaka yawe laini. Yakiwa makavu, ongeza maji yaliyochemka, kijiko kimoja kimoja. Kunde, choroko na mbaazi hufaa vilevile.

Limau si kwa ajili ya ladha tu. Maharage yana madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu, lakini mwili huyapokea kwa shida. Vitamini C iliyomo katika limau huusaidia mwili kuyapokea. Chai hufanya kinyume chake, basi tusiinywe pamoja na chakula, hasa mama mjamzito.

Kabla ya kupika, loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa nguvu katika maji mapya. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Ukiyaloweka yataiva mapema, nawe hutahitaji magadi, ambayo huharibu baadhi ya vitamini.

2. Kitoweo cha karanga na nyanya

Chukua kikombe kimoja cha karanga, nyanya mbili zilizoiva, na chumvi kidogo. Kaanga karanga bila mafuta kwa moto mdogo, pepeta maganda, kisha twanga mpaka mafuta yake yaanze kujitokeza. Ponda nyanya na uzichemshe, halafu changanya na karanga na uache vichemke pamoja dakika chache huku ukikoroga. Karanga ni protini na mafuta kwa pamoja, ndiyo maana tunazisifu sana kliniki.

Lakini zina masharti. Karanga zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zina hatari ya sumukuvu, sumu inayodhuru ini. Kukaanga au kuchemsha hakuiondoi yote. Sumu hiyo huingia katika mahindi pia. Mwaka 2004, nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Basi tuchambue karanga moja moja na kuzitupa mbovu. Tusiwape kuku, wala tusizichanganye na nzuri ili zisionekane. Zilizobaki tuzihifadhi zikiwa kavu, mahali pasipo unyevu.

Jambo la pili: mtoto chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, kwani inaweza kumkaba. Apewe iliyosagwa, tena iliyolainishwa. Na mtoto akila karanga akavimba midomo, akatoka vipele au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja, wala asipewe tena.

3. Kitoweo cha parachichi

Parachichi moja lililoiva, maji ya ndimu na chumvi kidogo. Wakubwa wakipenda waongeze kitunguu kilichokatwa vipande vidogo. Ponda kwa uma, basi. Hakihitaji moto wala kuni. Mafuta ya parachichi huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika mboga za majani, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kwa hiyo vinafaa kuliwa pamoja. Tengeneza kiasi kitakacholiwa mara moja, kwani kikikaa hugeuka rangi.

4. Kitoweo cha mtindi na tango

Weka vikombe viwili vya mtindi katika kitambaa safi kilichochemshwa, funga na kukitundika kwa saa chache mpaka maji yachuruzike. Changanya kilichobaki na tango au karoti iliyooshwa na kukunwa, na chumvi kidogo. Maji yaliyochuruzika yapikie uji. Mtindi huo utokane na maziwa yaliyochemshwa kwanza, ndipo yagandishwe. Maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na bruselosi, homa inayochukua muda mrefu na kuumiza viungo.

Mambo ya kuangalia

Mtoto huanza kupewa vyakula hivi anapotimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya. Aanze na vijiko viwili vitatu, aongezewe taratibu. Kabla hajatimiza mwaka, mwondolee sehemu yake kabla ya kutia chumvi na pilipili. Asali asipewe kabisa.

Kila mtoto awe na sahani yake. Akichovya pamoja na kaka zake wakubwa, wao wana mikono mirefu, naye atabaki na tonge kavu. Tena ukiwa na sahani yake utajua amekula kiasi gani.

Wakubwa wenye shinikizo la damu watumie limau, kitunguu saumu na giligilani badala ya chumvi nyingi. Kwa siku nzima mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na vidonge vya kuungia mchuzi vina chumvi pia.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa mpishi na kwa walaji, maana hapa mikono yetu yote huingia katika chakula. Kitoweo kisikae nje zaidi ya saa mbili katika joto. Kilichobaki bila kuchovywa, cha maharage au karanga, kichemshwe vizuri kabla ya kuliwa.

Akina baba, jambo hili lawahusu nanyi. Fedha ya soda moja mara nyingi hutosha kununua karanga au maharage ya kumlisha mtoto. Na mtoto asiyeongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki, au aliyevimba miguu, asingojee vitoweo hivi vimponye. Aletwe hospitali siku hiyohiyo.