Waya mweusi wa Kisii si waya mweusi wa Minnesota: Tahadhari kwa wanaojikarabatia nyumba ughaibuni

WAKENYA wengi wanaohamia ng'ambo huanza na fleti au nyumba kuukuu, kwa kuwa ndiyo inayolingana na mfuko wao. Haupiti muda kabla ya kugundua kwamba mafundi wa umeme na wa mabomba katika nchi hizo hutoza kwa saa, na kwamba kazi ya siku mbili inaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima.

Hapo ndipo mtu huamua kushika koleo na bisibisi mwenyewe.

Miongoni mwa wanaojikuta katika hali hiyo ni wenyeji wa Kisii na Nyamira waliopiga kambi katika jimbo la Minnesota, Marekani, hasa katika vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center vilivyo karibu na jiji la Minneapolis. Jamii ya Abagusii huko ni kubwa, na sifa yake ya bidii inajulikana.

Wengi wao si wageni wa kazi za mikono. Mtoto aliyelelewa Keroka, Suneka, Ogembo au Nyansiongo ameshuhudia nyumba ikitiwa nyaya, tangi likipandishwa juu ya mnara na maji ya chemchemi yakivutwa hadi jikoni. Wengine walijifunza kwa kumfuata fundi aliyebobea, na wengine walisomea kazi hizo katika vyuo kama Kisii National Polytechnic, kilichojulikana zamani kama Gusii Institute of Technology.

Ujuzi huo ni mali. Hata hivyo, una mpaka ambao wengi hawauoni hadi maafa yatokee. Wepesi wa mikono husafiri na mwenyewe, lakini maana ya rangi za nyaya, vipimo vya mabomba na nguvu ya umeme haivuki bahari. Fundi hodari wa Nyamira anaweza kufanya kosa la kufisha Minnesota, si kwa sababu hajui kazi, bali kwa sababu anaijua kwa utaratibu mwingine.

Sheria hutangulia

Jambo la kwanza ni kujua nani anaruhusiwa kufanya nini. Sheria za Minnesota humruhusu mtu kufanya kazi ya umeme na ya mabomba katika nyumba anayoimiliki na kuishi ndani yake, hata kama hana leseni ya ufundi. Ruhusa hiyo huambatana na masharti: achukue kibali kabla ya kuanza, afuate kanuni zinazowabana mafundi wenye leseni, na mkaguzi aione kazi kabla ya kuta kuzibwa.

Ruhusa hiyo haimhusu mpangaji. Wala haimhusu mwenye nyumba aliyoipangisha. Mtu aliyenunua nyumba ya pili ili aikodishe hawezi kuitia nyaya mwenyewe. Ni lazima amwite fundi mwenye leseni.

Mwenye fleti naye ana mzigo wa ziada. Katika majengo ya aina hiyo, mtu huwa anamiliki vyumba vyake, lakini mabomba makuu yanayopanda ukutani na nyaya zinazohudumia jengo zima ni za wote. Asipopata idhini ya chama cha wenye fleti au ya wasimamizi wa jengo, hana haki ya kuyagusa. Tena huenda jengo la familia nyingi lisihesabiwe sawa na nyumba ya familia moja, kwa hivyo afisi ya vibali ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Nchini Uingereza, ambako pia wanaishi Wakenya wengi, kanuni za majengo za England na Wales zilibadilishwa Januari 2005. Tangu hapo, kazi kubwa za umeme nyumbani ni lazima zipitie kwa fundi aliyesajiliwa au ziarifiwe idara ya ujenzi ya eneo hilo.

Wapo wanaoona vibali kuwa usumbufu wa bure. Lakini moto ukizuka na ikabainika kwamba ulianzia kwenye nyaya zilizotiwa bila kibali, kampuni ya bima inaweza kupata sababu ya kukataa kulipa. Kazi ya kificho hujitokeza pia siku ya kuuza nyumba, mkaguzi wa mnunuzi anapofungua bodi ya umeme.

Rangi zinazopotosha

Kiini cha hatari kimo katika rangi. Kenya ilirithi utaratibu wa Waingereza. Katika nyumba nyingi za zamani huku nyumbani, waya mwekundu ndio wenye umeme, mweusi ni nyutro, na wa kijani, au kijani chenye mistari ya manjano, ni wa ethi, yaani wa kuelekeza umeme ardhini. Utaratibu wa kisasa hutumia rangi ya kahawia kwa waya wenye umeme na buluu kwa nyutro.

Marekani mambo ni kinyume. Waya mweusi ndio wenye umeme. Mwekundu pia huwa na umeme. Nyutro ni mweupe, na waya wa ethi ni wa kijani au wa shaba tupu usiovikwa chochote.

Fundi aliyezoea kuushika mweusi bila wasiwasi akiamini ni nyutro, akifanya hivyo Minneapolis anajishikia umeme wenyewe. Na asidhani kuwa mweupe ni salama daima, kwani katika nyumba kuukuu waya mweupe ulitumiwa mara nyingine kupeleka umeme kwenye swichi.

Hata swichi yenyewe hudanganya. Kenya, swichi ikibonyezwa chini taa huwaka. Marekani taa huwaka swichi ikiinuliwa juu. Mtu aliyechoka, akifanya kazi usiku baada ya zamu ya hospitali, anaweza kudhani amezima kumbe amewasha. Kanuni ni moja tu: umeme ukatwe kwenye bodi kuu, kisha waya upimwe kwa mita kabla ya kuguswa. Rangi na swichi zisiaminiwe.

Nguvu ya umeme nayo ni tofauti. Kenya hutumia volti 240, ilhali soketi ya kawaida ya Marekani hutoa volti 120. Wengi husikia hivyo na kudhani kwamba umeme wa Marekani ni mpole. Kwa upande wa moto, ukweli ni kinyume. Hita ya wati 1,500 huvuta ampea 6.25 katika volti 240, lakini katika volti 120 huvuta ampea 12.5. Ampea ndizo zinazopasha waya joto. Kwa hivyo, waya unaotosha Kisii unaweza kuungua Minnesota ukibeba chombo chenye wati zile zile.

Vipimo vya nyaya vinaongeza utata. Huku nyumbani waya hupimwa kwa milimita mraba: 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, na namba inapokua waya huwa mnene zaidi. Marekani namba inapokua waya huwa mwembamba. Waya namba 14 hulindwa kwa breka ya ampea 15, na namba 12, ulio mnene zaidi, kwa breka ya ampea 20. Anayeweka namba 14 kwenye breka ya ampea 20 amejenga jiko ndani ya ukuta, maana waya utachemka kabla ya breka kukata.

Ikumbukwe pia kwamba plagi ya Kenya ina fyuzi ndani yake. Plagi za kawaida za Marekani hazina. Mlinzi ni breka pekee.

Mwenye jengo lililojengwa kati ya mwaka 1965 na 1973 hana budi kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa baadhi ya nyumba za miaka hiyo zilitiwa nyaya za alumini badala ya shaba. Alumini hulegea kwenye viungo na kupata moto. Kuiunganisha na shaba bila kiungo maalumu ni kukaribisha janga, na kazi hiyo yafaa aachiwe fundi mwenye leseni.

Kuna jambo moja ambalo mgeni atalifurahia. Kanuni za Marekani hutaka soketi za bafuni na jikoni zilindwe na kifaa kinachokata umeme punde unapovuja, hata ukiwa kiasi cha miliampea 5 tu. Kifaa hicho kisiondolewe kwa sababu kinakatakata. Kikikata, kinasema kuna kasoro.

Maji yenye msukumo mwingine

Mabomba nayo yana siri zake. Nyumba nyingi za Gusii hutegemea tangi lililoinuliwa. Tangi lililo mita 5 juu ya mfereji hutoa msukumo wa takriban nusu baa. Katika miji ya Marekani, maji huingia nyumbani yakiwa na msukumo wa baa 3 hadi 5. Msukumo wa baa 4 ni sawa na wa tangi lililopandishwa mita 40 juu ya mfereji. Kiungo kilichotosha Keroka, kikishikwa na tepu nyeupe tu, kinaweza kufyatuka huko usiku wa manane.

Kosa jingine ni kubeba mifereji na viungo kutoka nyumbani. Hesi, yaani ile mikato ya mzunguko inayoshikanisha bomba na kiungo, hukatwa Kenya kwa kipimo cha Kiingereza na Marekani kwa kipimo cha Kimarekani. Bomba la nusu inchi lina mikato 14 kwa kila inchi katika vipimo vyote viwili. Lakini pembe ya mkato ni digrii 55 katika kimoja na 60 katika kingine. Kiungo huingia, kikakaza, na fundi akaridhika. Baada ya siku chache kinaanza kutoa jasho, kisha matone.

Adui mkubwa zaidi ni baridi, ambayo mwana wa Gusii hakuizoea. Majira ya baridi Minnesota, usiku mwingi halijoto hushuka hadi nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sufuri na zaidi. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na hakuna bomba la shaba linalohimili hilo likiwa limezibwa pande zote. Ndiyo maana bomba la maji halipitishwi kwenye ukuta wa nje bila kinga, hata kama ndiyo njia fupi. Kasoro hiyo haionekani Julai. Hujitangaza Januari.

Mabomba ya majitaka yanahitaji kitu kimoja ambacho wengi hukisahau: pumzi. Kila sinki lina kona ya bomba inayohifadhi maji ili kuzuia gesi ya uchafu isirudi ndani. Pasipokuwa na bomba la kuingiza hewa karibu nayo, maji yanayoshuka huyavuta yale ya kwenye kona, na gesi hupata njia ya kuingia chumbani.

Katika fleti, kosa la mmoja huwaangukia walio chini. Bomba likipasuka ghorofa ya tatu, dari ya ghorofa ya pili huporomoka, na madai huja kwa aliyegusa bomba bila ruhusa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kwenye fleti, huenda ukuta wenyewe ukawa wa jirani.

Safari ya kurudi

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wengi wa walio ughaibuni hurudi kujenga Kisii na Nyamira, na hapo kosa hugeuka upande wa pili.

Kontena hufika zikiwa na majokofu, mashine za kufulia na taa za volti 120. Chombo kama hicho kikichomekwa kwenye volti 240 bila transfoma huungua mara moja. Hata kwa transfoma, mota iliyoundiwa umeme wa Marekani wa mizunguko 60 kwa sekunde huenda polepole kwenye umeme wa Kenya wa mizunguko 50, na inaweza kupata joto kupita kiasi. Kabla ya kulipia nauli ya meli, inafaa kusoma kibandiko kilicho nyuma ya chombo.

Aliyezoea kujifanyia kazi Minnesota asidhani ana ruhusa hiyo huku. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka kazi ya kutia nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya EPRA, na cheti chake ndicho kinachowasilishwa Kenya Power nyumba inapounganishiwa umeme.

Suala la ethi pia halipaswi kubahatishwa. Marekani, nyutro na ethi huunganishwa kwenye bodi kuu pekee. Desturi hiyo isihamishwe Gusii bila ushauri wa fundi mwenye leseni, hasa kwa kuwa nyanda hizi zinajulikana kwa radi. Fimbo ya ethi iliyozikwa vyema ni kinga ya familia.

Hapana aibu katika kujifanyia kazi. Kubadilisha mfereji, kupaka rangi, kuweka sinki jipya mahali pa lile la zamani na kuvuta waya chini ya uangalizi wa mkaguzi ni mambo ambayo mtu makini anaweza kuyamudu na kuokoa fedha za karo na za shamba. Lakini kwenye bodi kuu ya umeme, nyaya za alumini, gesi na mabomba ya pamoja ya jengo, fedha zinazobaniwa fundi ni chache zikilinganishwa na uhai wa wanaolala ndani.

Kwa mwana wa Kisii au Nyamira aliye mbali, maswali ya kujiuliza kabla ya kufungua ukuta ni machache. Je, nyumba hii ni yangu na ninaishi humu? Kibali kiko wapi? Umeme umekatwa kwenye bodi na kupimwa? Na huu waya mweusi, nchi hii unamaanisha nini?