Mpako Mdogo Kwenye Injini ya Ndege

Plagi ya injini ya ndege ndogo ni ya chuma, lakini kichwa cha silinda ni cha aluminiamu kilichotiwa kipande cha nyuzi za chuma cha pua. Joto hupanda na kushuka kila safari, masizi na kutu hujaa kwenye nyuzi, na siku ya ukaguzi plagi inagoma kufunguka. Fundi akiilazimisha, huenda kile kipande kikang'oka nayo.

Kinga yake ni grisi yenye unga wa grafiti, shaba au nikeli. Grisi huungua, unga hubaki ukitenganisha metali na metali.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Grafiti hupitisha umeme. Kwa hiyo fundi hupaka kidogo tu, kuanzia uzi wa pili kutoka ncha inayotoa cheche, kwani mpako ukiyeyuka na kufika kwenye ncha, umeme hupita humo na plagi haitoi cheche. Kukaza nako kuna mipaka: sehemu kubwa ya nguvu ya spana huliwa na msuguano, hivyo nyuzi zilizopakwa huvutika zaidi kwa kipimo kilekile. Kitabu cha injini husema kipimo ni cha nyuzi kavu au zilizopakwa, na fundi hana ruhusa ya kukisia.

Kwenye ekzosi hatari ni kubwa zaidi. Mabomba yake huunganishwa kwa viungio vinavyoteleza, ili yapate nafasi ya kurefuka yakipata joto. Kiungio kikiganda, bomba hupasuka mahali pengine na moshi huweza kuingia ndani ya ndege. Januari 2019 ndege ya Piper Malibu iliyombeba mchezaji wa soka Emiliano Sala kutoka Nantes kwenda Cardiff ilianguka baharini. Wachunguzi wa Uingereza walikuta kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi wa injini, katika damu ya Sala kwa kiwango cha asilimia 58, na yaelekea ilitoka kwenye ekzosi.

Kwa sababu hiyo mafundi hawachukui mpako wowote ulio karibu. Zinki haitakiwi kwenye ekzosi, na hata alama ya penseli hukatazwa: kaboni yake huingia katika metali yenye moto na kuidhoofisha. Katika baadhi ya injini za tabo, bolti za sehemu ya moto hupakwa maziwa ya magnesia yasiyo na ladha, ile dawa ya tumbo. Maji hukauka, ukabaki unga mweupe unaostahimili joto kali.