Jua likiwaka korongoni, uliza mvua ya mlimani

LILONGWE. Mfanyabiashara wa Kawale au Dzaleka anayefuata mzigo Nairobi huweza kubaki na siku moja ya kusubiri. Siku hiyo yatosha kufika Hell's Gate, jirani na Naivasha, kiasi cha kilomita 90, na kurudi jioni.

Kivutio kikubwa ni korongo la Ol Njorowa. Lilichongwa zamani na maji yaliyotoka Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko leo. Mgeni hushuka akishika mawe, pengine kamba, katikati ya kuta ndefu zinazobana njia, huku maji ya moto yakichuruzika kwenye miamba.

Uzuri huo ndio mtego. Mvua ikinyesha mbali juu, maji hukusanyika na kuingia kwenye mkondo mwembamba. Aliye chini huona anga safi hadi maji yamfikie, na kuta hazipandiki kwa haraka.

Aprili 2012 maji yaliua vijana saba wa kundi la kanisa. Septemba 1, 2019, yaliua tena saba: watalii sita na muongozaji wao. Septemba si masika wala vuli, na muongozaji alikuwa mwenyeji. Korongo likafungwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa kiingilio, uliza: korongo liko wazi leo? Juu kumenyesha? Njia za kutokea ziko wapi? Jibu likisitasita, baki juu. Mzigo uliochelewa hufika kesho.