Mgonjwa wa Saratani Akirudi Nyumbani



Katika parokia zetu si jambo geni kusikia kwamba mama au baba fulani amekwenda Dar es Salaam kutibiwa saratani, yaani kansa, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996. Kutoka Mtwara mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 550. Huko mgonjwa hutundikiwa dawa, kisha huruhusiwa kurudi nyumbani mpaka zamu nyingine, mara nyingi baada ya wiki tatu hivi. Katika wiki hizo hakuna mwuguzi kando ya kitanda. Wanaomtunza ni mume au mke, watoto, dada na jirani. Makala hii ni kwa ajili yao.

Kwa nini dawa humdhoofisha

Dawa za saratani huua chembe za mwili zinazoongezeka upesi. Chembe za saratani ni za namna hiyo, lakini hata zile za nywele, za ngozi ya ndani ya kinywa na utumbo, na za uboho wa mifupa unaotengeneza damu ni hivyo hivyo. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, kinywa huota vidonda, tumbo huchafuka na damu hupungua. Mengi ya hayo hupita na nywele huota tena. Msiseme, "Dawa inamwua, bora aache." Tangu miaka ya 1960 watoto wengi wa Afrika Mashariki wenye uvimbe wa taya, ambao Daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, wamepona kwa dawa za namna hii. Lakini dozi ikatishwapo njiani, ugonjwa hupata nafasi ya kurudi.

Homa: jambo la kwanza kujua

Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huwa chache sana. Hapo hatari ni kubwa. Sisi watu wa pwani tumezoea kwamba homa ni malaria: tunanunua vidonge dukani, tunalala, tunasubiri kesho. Kwa mgonjwa huyu kusubiri kesho kunaweza kumwua. Homa yake yaweza kuwa malaria, lakini yaweza pia kuwa vijidudu vilivyoingia katika damu, navyo humaliza mtu kwa saa chache.

Nunueni kipimajoto. Kikifika nyuzi 38 au zaidi, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Msimpe kwanza dawa ya kushusha homa mkaridhika kwamba amepoa. Nendeni na kadi yake ya matibabu, na mseme wazi: "Huyu anapata dawa za saratani, alitundikiwa tarehe fulani." Maneno hayo yatamfanya daktari apime malaria na wingi wa chembe za damu pia, na kuanza dawa za kuua vijidudu bila kuchelewa.

Pangeni safari mapema. Anayekaa Msangamkuu ajue atavukaje usiku. Anayekaa Msimbati, Kitaya au Kilambo ajue ni nani mwenye gari au pikipiki, na fedha ya nauli iwekwe kando. Jueni pia mtakwenda wapi: Ligula, Mitengo au Ndanda.

Pelekeni mgonjwa upesi pia akitoka damu isiyokatika, akishindwa kupumua vizuri, akitapika au kuharisha siku nzima, au akichanganyikiwa.

Chakula na kinywaji

Dawa ya kuzuia kutapika imezwe kwa saa iliyoandikwa, asingoje mpaka kichefuchefu kimzidi. Mpeni chakula kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Harufu ya samaki wa kukaanga humchafua, basi pikeni mbali naye. Uji uliotiwa korosho au karanga zilizotwangwa laini humpa nguvu. Ming'oko ya kuchemsha, ndizi, mayai yaliyoiva na samaki wa kuchemsha ni vyakula vyema. Maji yachemshwe, matunda yaoshwe na kumenywa, na kiporo kisitumike.

Akiharisha, mpeni maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Kinywa kikiwa na vidonda, asukutue mara nne kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na atumie mswaki laini. Aepuke pilipili, ndimu, mabibo, pombe na tumbaku.

Usafi na dawa nyingine

Kila amkaribiaye anawe mikono kwa sabuni. Mwenye mafua, surua au tetekuwanga asimsogelee. Alale ndani ya chandarua, na asitembee peku.

Kwa siku mbili baada ya kutundikiwa, dawa hutoka katika mkojo, kinyesi na matapishi. Anayeyasafisha avae mipira ya mikono, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo. Lakini saratani yenyewe haiambukizi kwa kumgusa mgonjwa: kaeni naye, mshikeni mkono, kuleni naye.

Mizizi na majani ya miti shamba yaweza kugongana na dawa za hospitali au kuumiza ini. Kama ameshatumia, amweleze daktari bila kuona haya. Hata aspirini asimeze bila kuuliza, maana huzidisha kutoka damu.

Wajibu wa jumuiya

Katika siku za hatari mgonjwa asiende penye msongamano. Mwambieni padre amletee Ekaristi Takatifu nyumbani, na Mpako wa Wagonjwa usingoje saa ya kufa. Kwaresima isimfungishe: Kanisa halimdai mgonjwa kufunga.

Jumuiya ndogo ndogo zina kazi pia. Badala ya kumpelekea maneno ya kumtisha, mpelekeeni kuni, maji na uji. Changeni nauli ya zamu inayofuata, kwa maana wapo wanaoacha dawa kwa kukosa tiketi ya basi tu. Na mmoja wenu akubali kuamshwa usiku, homa ikipanda. Huyo naye amehudumia kama mwuguzi.

Mungu awabariki wagonjwa wetu na wote wanaowatunza.