Somo la Maji Meusi ya Mto Mara

Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Kirumi yaligeuka meusi yakanuka, na samaki waliokufa wakaelea juu. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samuel Manyele. Kamati ikaeleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea ya ardhi oevu iliyooza, vilimaliza oksijeni iliyokuwa ndani ya maji. Wengi hawakukubali. Mgodi wa dhahabu wa North Mara uko Nyamongo, jirani na mto, na watu waliuliza: ng'ombe wako hapa tangu enzi za mababu, iweje mto uharibike leo?

Ubishi ule uliishia vijiweni na redioni, ilhali mahali pake pengine palikuwa shuleni. Mtoto wa darasa la sita wa Tarime au Serengeti amefundishwa kwamba samaki wanahitaji oksijeni, ila mara nyingi hajawahi kuona kwa macho yake jinsi maji yanavyoishiwa nayo. Yeye na wazazi wake wanabaki na njia mbili tu mbele ya taarifa ya wataalamu: kuiamini yote au kuikataa yote. Elimu ya nje ya darasa, nionavyo, ipo ili kuwapa njia ya tatu, yaani kuuliza kwa ushahidi.

Somo lenyewe halihitaji maabara. Mwalimu anatafuta chupa mbili za plastiki zinazopitisha mwanga, anazijaza maji ya kisima hadi robo tatu. Ya kwanza inaachwa hivyo hivyo. Ya pili inaongezwa tope la kandokando ya bwawa, majani makavu yaliyokatwakatwa na vijiko vichache vya kinyesi cha ng'ombe. Midomo ya chupa inafunikwa kwa kitambaa, haikazwi kizibo, kwa sababu gesi hujikusanya ndani. Kila asubuhi watoto wanaandika rangi, mapovu na harufu. Harufu wanaivuta kwa kuipepea kwa kiganja, si kwa kuingiza pua kwenye chupa, na wakimaliza wananawa mikono kwa sabuni. Siku zikisonga, tope la chupa ya pili huanza kuwa jeusi na kunuka yai bovu. Vijidudu vinavyoozesha majani na kinyesi vimetumia oksijeni yote. Nafasi yao imechukuliwa na vingine visivyoihitaji, ambavyo hutoa gesi yenye salfa. Gesi hiyo ikikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo ndipo weusi ule unapotokea.

Darasa likifika hapo litaanza kubishana, na mwalimu asiwanyamazishe. Awaulize: chupa hii imethibitisha nini? Imeonesha kwamba kinyesi na majani vikioza ndani ya maji vinaweza kuleta weusi na harufu mbaya. Haijaonesha kwamba ndicho kilichotokea Kirumi. Kwa hilo lazima maji ya mto wenyewe yapimwe, na kemikali za migodini zitafutwe humo pia. Anaweza kuwaongezea jambo moja: upande wa Kenya wa mto huu huu wamo viboko zaidi ya 4,000, na watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walionesha kwamba kinyesi chao hujikusanya kwenye madimbwi, kisha mvua kubwa ikikisomba, kinyesi hicho huondoa oksijeni majini na kuua samaki sehemu za chini za mto. Mtoto anayeweza kusema "jambo hili linawezekana, lakini bado halijathibitishwa" ana elimu ambayo wengi wetu tulimaliza shule bila kuipata.

Wazo la kumfundisha mtoto akiwa nje lina historia ndefu. Denmark ilikuwa na shule za awali za msituni tangu miaka ya 1950. Sisi Tanzania tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967, na mwandishi wake alizaliwa Butiama, mkoa huu huu wa Mara. Alitaka shule na shamba viwe kitu kimoja, mwanafunzi ajaribu mbolea, apime, alinganishe, aamue. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Wanafunzi walilima, mavuno yakaliwa, na hakuna aliyewauliza kwa nini tuta hili limezaa kuliko lile. Mbaya zaidi, kulima kukawa adhabu ya mchelewaji. Mtoto aliyelimishwa kwa adhabu hujifunza kuichukia ardhi, na ndiyo maana wazazi wengi wakisikia "masomo ya nje" hudhani wanao wanapelekwa kufanyishwa kazi. Hofu yao ina msingi, na mwalimu anayetaka kuanza aanze kwa kuiondoa: aeleze mapema ni swali gani linatafutiwa jibu na daftari litaandikwa nini.

Wilaya za Tarime na Serengeti zina utajiri wa maswali ambao shule chache duniani zinao. Chukua ng'ombe na nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kufikia 1977 walikuwa takriban milioni 1.3. Sababu kubwa ilikuwa chanjo ya ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi: ng'ombe walipokingwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ukakosa pa kujificha na ukatoweka kwa nyumbu pia. Nyumbu walipoongezeka walikula nyasi nyingi, moto wa nyikani ukapungua, na miti ikapata nafasi ya kukua. Kwa hiyo sindano aliyochomwa ng'ombe wa babu imo ndani ya mti unaoonekana leo. Mtoto wa Mkurya, Mnata, Mwikoma au Mngoreme anayesikia habari hii anajua kwamba historia ya hifadhi ni ya kwao pia. Na mzee aliyeshuhudia chanjo zile aalikwe shuleni, watoto wamhoji, hata kwa Kikurya, kisha waandike kwa Kiswahili.

Maarifa ya watoto wenyewe nayo yahesabiwe. Mvulana aliyechunga anajua nyasi zipi mbuzi huziacha. Msichana anayechota maji anajua chemchemi ipi hukauka kwanza. Sisemi watoto wakachunge saa za masomo. Anayekosa shule kwa ajili ya mifugo anadhulumiwa. Nasema anachokijua kiingie darasani kama ushahidi.

Hata hisabati ina pa kuanzia. Kopo lenye kuta zilizonyooka likiwekwa uwanjani linapima mvua kwa rula. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100 inaleta lita 1,000. Watoto wapime paa la darasa lao, wapige hesabu ya lita zilizopotea juzi, wampelekee mwalimu mkuu.

Kikwazo kikubwa ni wingi wa wanafunzi. Watoto 90 hawawezi kwenda nje kwa mkupuo na mwalimu mmoja. Wagawanywe, kundi moja liwe nje huku wengine wakifanya zoezi ndani. Mto Mara una mamba na viboko, na tembo huingia vijijini, kwa hiyo masomo haya yafanyike uwanjani, bustanini na kwenye mtaro wa shule, na safari ya mbali iwe pamoja na askari wa wanyamapori wa kijiji.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Jiografia na Mazingira, na nchi ina klabu za Malihai, za uhifadhi wa wanyamapori, tangu 1980, hivyo mwalimu hana haja ya kusubiri kibali kipya. Ombi langu kwa walimu wakuu wa Tarime na Serengeti ni vipindi viwili tu kwa wiki muhula ujao, kimoja cha kuangalia na kupima, kimoja cha kuandika na kubishana. Nanyi wazazi, mtoto akirudi na matope kwenye sare msimgombeze kwanza. Muulizeni leo amepima nini, na mwombeni awaoneshe daftari.